Mgonjwa Ndiye wa Mwisho Kujua

Kwetu Tanga habari ya ugonjwa mkubwa huzunguka mtaa mzima kabla haijamfikia mwenyewe. Shemeji anajua, mwenye duka anajua, imamu anajua, na mtoto wa darasa la tano ameshasikia minong'ono ya jikoni. Mgonjwa kalala chumbani anaambiwa ni baridi yabisi, ni presha, ni uchovu tu, utapona inshallah. Anayekuja kumtazama anafuta machozi ukumbini kwanza, kisha anaingia akijichekesha. Mgonjwa naye si mjinga. Anayaona macho mekundu, anajifanya hajaona, anauliza habari za mvua. Mchezo unaendelea hivyo mpaka siku ya kilio, ndipo watu wanaanza kusema kweli.

Mimi ni fundi umeme. Kazi yangu ni ya kuitwaitwa, leo ipo kesho haipo, kwa hiyo ukoo umeshaamua kwamba mimi ndiye mwenye nafasi. Mtu akiugua ugonjwa wa kulala kitandani, ninatumwa mimi. Nimegeuza wagonjwa, nimewaogesha, nimekesha nao, na baadhi yao nimewashika kichwa roho ikitoka. Sijasomea chochote katika haya. Ninachokijua nimekipata kwenye mkeka, kando ya kitanda.

Nilianza ningali kijana, miaka ya tisini, wakati wa ule ugonjwa ambao hatukutaka kuutaja. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ulipotufikia huku pwani ulikuwa umeshapewa majina ya mitaani, miwaya, ngoma, lakini mbele ya mgonjwa hata hayo hayakutamkwa. Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto watatu, aliugua zaidi ya mwaka akiambiwa ni kifua. Alipokufa, watoto waligawanywa palepale kwenye jamvi, kahawa ikizunguka. Mkubwa akaenda Pemba, wa kati Handeni, kitinda mimba akachukuliwa na shangazi ambaye marehemu hakuwa akisalimiana naye. Mama yule alikuwa na mwaka mzima wa kusema anataka wanawe wakae na nani. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kumuuliza kungekuwa sawa na kumwambia.

Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure, mwaka 2004, vifo vya namna ile vikapungua. Kuficha hakukupungua. Kulihamia kwenye saratani.

Aliyekataa kufichwa ni mjomba wangu. Alikuwa karani wa bandari mpaka alipostaafu, mtu wa kikoi kilichopigwa pasi na kalamu mfukoni mwa shati, mwenye daftari la kila kitu: la maji, la luku, la nani alichangia nini kwenye harusi ya nani. Mgongo ulimsumbua muda mrefu. Akachuliwa, akapigwa chuku, akachomwa sindano, akaambiwa ni uzee. Miguu ilipoanza kufa ganzi ndipo akapelekwa Dar es Salaam kupimwa sawasawa. Tulikuwa watatu: yeye, mwanawe mkubwa, na mimi.

Majibu yalipotoka, daktari wa hospitali ile aliwaita "watoto wa mzee" ndani na kumwacha mzee kwenye benchi. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Binamu yangu hakumsubiri daktari amalize. "Tafadhali sana, mzee asijue. Atakufa kwa mshituko." Daktari akatikisa kichwa kukubali bila kubisha, nadhani alikuwa ameshalisikia ombi hilo mara nyingi. Tulitoka nje, mjomba akatutazama usoni mmoja mmoja, akainuka, akajifunga kikoi vizuri. Hakuuliza kitu.

Aliniuliza kwenye basi. Tulikuwa tumesimama Muheza, wauza machungwa wamejazana madirishani, binamu ameshuka kujinyoosha. Mjomba akanunua machungwa yaliyomenywa, akanikatia moja, akasema huku akiangalia nje, "Wamekwambieni nini mule ndani?"

Nikajikuta nasema daktari ataeleza vizuri tukirudi.

"Mwalimu aliambiwa," akasema. "Kalala London na saratani ya damu, kaambiwa, na akatuaga. Mimi karani mstaafu ni nani nisiambiwe?"

Wa umri wangu wote wanayakumbuka maneno yale ya Oktoba 1999, yanayosimuliwa kuwa Nyerere aliyasema kabla ya kufariki tarehe 14: kwamba anajua hatapona, kwamba anasikitika kutuacha, kwamba tutalia, na kwamba atatuombea. Tuliyasikia redioni tukalia kweli. Sikuwahi kufikiri kwamba mzee mmoja wa Ngamiani aliyahifadhi kwa ajili ya siku yake.

Nikamwambia. Nikataja saratani kwa jina lake, nikamwambia imeanzia wapi na imefika wapi, kwamba kuna mionzi ya kupunguza maumivu na sindano za kuichelewesha, ila ya kuiondoa hakuna. Alikula pande mbili za chungwa. Kisha akauliza, "Ramadhani nitaifikia?" Nikasema daktari hakutaja muda. "Basi tuseme sitaifikia. Nikiifikia iwe faida."

Binamu alipojua alikasirika sana. Alisema nimemuua baba yake, na kwa muda mrefu alinisalimia kwa kuinua mkono tu. Simlaumu. Sisi tumelelewa kuamini kwamba kulitaja jambo ni kuliita. Ukizungumzia kifo mbele ya watu unaambiwa usituletee uchuro, unajichuria, tema mate chini. Na juu ya uchuro kuna imani nyingine, kwamba mgonjwa akikata tamaa ndiyo kwisha habari yake, kwa hiyo kazi ya jamaa ni kulinda matumaini kwa gharama yoyote. Ndiyo maana mwaka 2011 nusu ya nchi ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500. Nilimsindikiza jamaa yetu mmoja kwenye ile foleni ya magari. Wengine walifia njiani. Siwacheki waliokwenda, nilikuwamo. Ila jamaa yule alitumia nguvu zake za mwisho kwenye kiti cha Land Rover, na aliyoyataka kusema alikuwa akiyaahirisha mpaka apone.

Kwa mjomba niliona kinyume cha tulichokuwa tunakiogopa. Usiku ule tulipofika nyumbani alilala. Mkewe alishangaa asubuhi. Mzee alikuwa na miezi hajalala vile. Siku chache baadaye alimwambia mkewe, nami nimekaa hapo, kwamba kilichokuwa kikimkesha ni kuhesabu nani anajua na nani hajui, na kujiuliza wanamwogopea nini.

Lakini nisiwadanganye, si kila mgonjwa anataka kuambiwa. Shangazi yetu, miaka michache baada yake, alimkatiza nesi tangu mwanzo: "Mwanangu, hayo ya ndani mwambie binti yangu. Mimi niambie tu nile nini." Alijua kabisa. Aligawa mikufu yake, akamalizia saumu alizokuwa anadaiwa kwa kulisha maskini, na neno saratani hakulitamka hata siku moja. Hiyo nayo ni haki yake. Alichofanya nesi kilichonivutia ni kwamba alimuuliza yeye kwanza, hakwenda kuulizia kwetu wenye afya zetu kama mgonjwa anaruhusiwa kujua mambo ya mwili wake.

Nesi huyo ndiye aliyetufundisha mengi, tangu wakati wa mjomba. Sote tukimwita Sista. Alisomea tiba shufaa, yaani kazi ya kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hautapona ili asiteseke, na alikuja nyumbani kwa pikipiki na mkoba wake mweusi. Siku ya kwanza kwa mjomba alikaa kwenye kigoda, akauliza, "Baba, wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu mpaka mimi nikaona haya na kutaka kujibu kwa niaba ya mjomba. Akanizuia kwa jicho.

Kisha akamtaka aonyeshe maumivu kwa vidole. Ngumi maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mjomba akainua vitano, akatazama mkono wake, akainua na wa pili. Tulicheka, na yeye akacheka, huku machozi yanamtoka.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wengi wenye mawaidha mazuri ya kufa vyema. Wanaanza na toba, wanaanza na wosia, wanaanza na kusameheana. Mtu anayeumwa mifupa kiasi cha kung'ata mto hana toba wala wosia. Ana maumivu tu. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, lile jengo jeupe la Wajerumani la mwaka 1897 linalotazama bahari, walimpiga mionzi ya mgongo, na baada ya wiki mbili hivi akaanza kukaa kitako. Kilichobaki kilishughulikiwa na mofini ya maji.

Mofini ilileta ugomvi kuliko saratani yenyewe. Majirani walisema ukiona wamempa hiyo ujue wamemkatia tiketi. Mwingine akasema atakuwa teja. Mjomba mwenyewe alitaka kujua kama ni haramu, ikabidi imamu aitwe. Imamu akasema dawa ya dharura inayotolewa na mwenye ujuzi haina neno. Sista akatufundisha: kila baada ya saa nne, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili asiamke usiku wa manane kutafuta dawa. Wala usisubiri maumivu yaje; dawa iyatangulie. Siku mbili za mwanzo alilala sana na watu wakaanza kunitazama vibaya. Sista alikuwa ameshatuonya kwamba mtu aliyekosa usingizi kwa miezi, akipata nafuu, atalala. Siku ya tatu aliamka akaomba redio.

Tatizo la mofini ni choo kufunga, na hilo haliishi lenyewe. Alipewa vidonge vya kulainisha, na vilipokosekana tulitumia mbegu za papai zilizoanikwa na kusagwa. Nayaandika haya kwa sababu nimeona wazee wakiacha dawa ya maumivu kwa ajili ya choo, na hakuna aliyewaambia kwamba vyote viwili vina dawa. Sista alipenda kusema Uganda wametutangulia, huduma ya namna hii waliianza mwaka 1993, na tangu 2004 nesi aliyesomea kazi hiyo anaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa mofini bila kumngoja daktari. Ukiwa kijijini na daktari yuko wilayani, unaelewa maana yake.

Maumivu yaliposhuka kufikia kidole kimoja, mjomba akaomba daftari.

Aliandika madeni yote, anayodaiwa na anayodai. Muuza mkaa. Mifuko ya saruji ya miaka ya nyuma. Pesa za nauli alizokopeshwa na karani mwenzake wa zamani, ambaye alikuwa ameshafariki; nikatumwa Pangani kumtafuta bintiye. Binti alikataa kuzipokea, akasema baba yake asingezidai. Nikampigia mjomba simu. Akamwambia, "Chukua, mwanangu. Ukishazishika ukitaka zitoe sadaka, lakini zipite mkononi mwako." Aliowadai yeye aliwasamehe karibu wote. Mmoja hakumsamehe, alisema huyu anazo, mdaini. Nilifurahi kuona bado ni yeye.

Nyumba alitaka kumwachia binti yake wa mwisho, aliyekuwa akimwogesha na kumpikia. Imamu akamkumbusha kwamba wosia hauvuki theluthi ya mali na mrithi hausiwi, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Angekuwa amefichwa, jambo hilo lingemfia moyoni, na binti angekuja kudai peke yake mbele ya kaka zake. Yeye aliwaita wote, akawaomba mbele ya imamu, akiwa na sauti yake na akili zake. Binamu yangu mkubwa, yuleyule aliyenikasirikia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ameridhia. Na baada ya mazishi hawakugeuka.

Na mdogo wake. Hao walikuwa hawasemezani kwa sababu ya minazi ya Tongoni iliyouzwa bila kuulizana. Sisi vijana tuliandaa mkutano wa suluhu, tukapanga nani atafungua kwa dua na nani ataongea. Mdogo mtu akaja, akaketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, kimya. Mjomba akamuuliza kama Coastal wameshinda. Wakaanza kubishana juu ya timu ya 1988, ile iliyochukua ubingwa wa nchi, nani alikuwa beki wa pembeni, mpaka wakasahau kwamba tupo. Mdogo wake alikuwa African Sports damu, akasema ubingwa ule ni wa bahati. Walipiga kelele hivyo mpaka adhuhuri. Alipoinuka kuondoka ndipo mjomba akasema, "Ile minazi, niwie radhi," na mwenzake akajibu, "Tumewiana, kaka." Hotuba zetu hazikuhitajika.

Sitaki mtu adhani alikuwa walii. Alirusha sahani ya uji. Alimtukana mgeni mmoja aliyekuja na habari za majani ya mstafeli, na mwingine aliyemwambia, "Mzee, unaonekana umepata nafuu," akamjibu, "Wewe ndiye unayehitaji kupimwa." Kuna wiki hakutaka kuswali, akasema hawezi kutawadha na hataki kuswali kama mlemavu. Hatukumlazimisha. Imamu alikuja akamwonyesha tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji, na namna ya kuswali kwa ishara ya macho, halafu akaenda zake bila kuhubiri. Mjomba akarudi mwenyewe.

Usiku mmoja, taa imezimwa, akasema anaogopa. Nilikuwa na aya mdomoni tayari, kwamba kila nafsi itaonja mauti, lakini hiyo aliijua kabla sijazaliwa. Nikamuuliza anaogopa nini. Alikaa kidogo, akasema, "Naogopa siku nitakapojinyea mbele ya wakwe."

Nilitegemea aseme kaburi. Tukapanga palepale: khanga itatundikwa mlangoni, na khanga ikiwa juu haingii mtu isipokuwa mimi na binti yake. Asubuhi nikapigilia msumari. Hofu ile ikaisha kwa msumari mmoja, na tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wagonjwa wanaogopa nini hasa, kwa sababu mara nyingi ni kitu kinachoweza kutengenezwa. Baba mmoja mwingine aliogopa kwamba mkewe hajui namba ya siri ya simu yenye akiba yao.

Ramadhani aliifikia, kweli ikawa faida. Hakufunga, ila alisikia daku ikipigwa mtaani na kila magharibi alionja tende. Baada ya Idi ndipo akaanza kuondoka.

Siku hizo za mwisho ndizo jamaa huharibu kwa mapenzi. Mtu anakataa chakula, na kwetu kumlisha mtu ndiyo kumpenda, kwa hiyo uji unasukumwa mdomoni kwa kijiko, anapaliwa, anakohoa, anaambiwa jitahidi. Sista alikaa na wanawake wa nyumba, akawaeleza polepole kwamba hafi kwa sababu hali, bali hali kwa sababu mwili umeanza kufunga kazi. Mkewe alilia siku hiyo kuliko siku ya msiba. Badala ya kijiko akapewa kazi nyingine: pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kufuta midomo na ulimi, na mafuta kidogo ya nazi ili midomo isipasuke. Aliifanya kazi hiyo kila mara, vizuri, na nadhani ilimtosheleza mikono yake.

Mara moja tu mjomba alitamani kitu mwenyewe. Aliamka asubuhi macho yameng'aa, akaomba bada na mchuzi wa papa. Nyumba ikafurahi, watu wakasema kapona. Sista alikuwa ameshanieleza kwamba mgonjwa huweza kuchangamka hivyo kwa muda mfupi karibu na mwisho, nikawapigia simu wanawe walio mbali waje. Alikula matonge mawili. Akasema papa hana chumvi. Jioni akalala, na hakuzungumza tena kwa kirefu.

Tuliambiwa yatakayotokea, na yalipotokea hatukukimbia huku na huko kutafuta gari. Miguu ilipoa kuanzia vidoleni. Magoti yakaingia mabaka ya zambarau. Pumzi zikaja tatu nne za haraka, zikasimama, kila mtu chumbani naye akasimamisha pumzi zake, kisha zikarudi. Kooni kukawa na mkoromo unaotisha kuusikiliza. Sista alituambia ni makohozi ambayo hana nguvu ya kuyatoa, yeye haumii, mlazeni ubavu. Tukamlaza ubavu wa kulia, uso kibla. Mdogo wake wa Tongoni akawa anamtamkia shahada sikioni, taratibu, bila kumsukuma, na kati ya shahada na shahada nilimsikia akimwambia mambo ya mpira. Tulizungumza naye wote, maana tulielezwa kwamba huenda anasikia. Mjukuu mmoja wa miaka saba aliruhusiwa kuingia, kwa agizo lake mjomba mwenyewe alilolitoa mapema: watoto wasifukuzwe. Mtoto akamshika kidole gumba, akauliza mbona baridi, akajibiwa kweli. Akaenda kucheza.

Alikufa kabla ya alfajiri, tukiwa wanne. Pumzi ilisimama na tukaingoja irudi.

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Maji ya uvuguvugu yenye majani ya mkunazi, na ya mwisho yenye karafuu maiti. Mwoshaji mkubwa, mzee wa miaka mingi katika kazi hiyo, alipomgeuza alipitisha kiganja mgongoni, kwenye makalio, kwenye visigino. Hapakuwa na kidonda cha kulalia hata kimoja. Akanitazama, akasema, "Huyu ameuguzwa." Nimewahi kusifiwa kwa kufunga umeme wa ghorofa, lakini sifa hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Alikuwa ameagiza azikwe makaburi ya karibu, wasikodi mabasi ya kwenda Tongoni, na kilio kisiwe cha pilau. Pesa zitakazochangwa zimlipie mjukuu wake ada. La makaburi walilitii. La pilau halikuwezekana. Wazee wa ukoo walisema maiti haamrishi jiko, sufuria zikatoka, turubai likafunga mtaa, na michango iliyopatikana siku tatu hizo ilizidi yote iliyotolewa wakati wa kumuuguza. Hilo bado linanichoma. Tulikuwa tukikopa nauli ya Dar es Salaam kwa watu walewale waliotoa mchele wa gunia siku ya tatu. Ada ya mjukuu tulikuja kuichanga baadaye, kwa tabu, na binamu yangu ndiye aliyesimamia.

Eda ya mkewe ilipita bila mtu kuja na karatasi za kudai kitu. Alijua nyumba ni ya nani, pensheni inafuatiliwa wapi, nani analipwa na nani kasamehewa. Wanawake wengi wa mtaa wetu miezi hiyo huimaliza kwenye mabaraza na ofisi.

Mimi nami nimenunua daftari. Nimeandika ninaowadai na wanaonidai, hati ya kiwanja iko wapi, na kwamba nikiugua vibaya naomba niambiwe mimi kwanza, kabla ya kaka zangu. Nilimpa mke wangu asome. Alilishika kwa ncha za vidole, akasema najichuria, akaliweka juu ya kabati chini ya mashuka na kuniambia atalisoma baada ya mwezi wa Ramadhani. Juzi nikiwa kazini alinipigia simu kuuliza mbona kadi ya pikipiki sikuiandika.